Safu ya Visivyojulikana

Kabla hujamwambia ulichokiona angani, Muzee wa Meteo alikuuliza kwanza kama umekula. Hakuwa anakukaribisha mezani. Alitaka kujua tu. Mwenye njaa, alisema, huona vitu vikubwa kuliko vilivyo, na aliyeshiba kupita kiasi huona kila kitu kinatembea polepole. Ukijibu, aliandika. Kisha aliuliza ulisimama wapi, mgongo wako ulielekea volkano ya Nyiragongo au ziwa, mbwa walibweka au walinyamaza, na moshi wa jikoni kwa jirani ulilalia upande gani. Swali la mwisho lilikuwa lile lile kwa kila mtu: "Na kama nikikuambia ilikuwa kitu ya kawaida, utakasirika?"

Wengi walikasirika.

Jina hilo alipewa na kartie, mtaa wetu, kwa sababu alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha hali ya hewa, pale uwanja wa ndege, tangu kilipokuwa na vyombo vyote mpaka kilipobaki na mlango na ufunguo. Ufunguo alikuwa nao yeye. Sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Katika mji wetu swali hilo lina miba, na mimi nilikuwa na maswali mengine. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Nimepakia viazi kwenye malori Rutshuru, nimekausha samaki Vitshumbi, nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye magunia ya makaa mpaka mabega yakaota sugu. Kila niliporudi Goma nilipita kwake, maana alikuwa mtu pekee aliyejibu maswali yangu bila kuniuliza nilifika darasa la ngapi.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zetu zote, na mbele yake kulikuwa na benchi. Alipokea watu asubuhi tu. Alikuwa na kaye, daftari kubwa lenye jalada gumu, lililogawanywa kwa rula: tarehe, mahali, upepo, shahidi, alichokiona, na safu ya mwisho, kilichokuwa. Niliruhusiwa kulisoma, na sijasoma kitabu kilichonifurahisha zaidi. Katika safu ya mwisho kuliandikwa: nyota ya asubuhi. Ndege ya mizigo. Droni. Volkano imemulika wingu kwa chini. Satelaiti, zimefuatana. Shahidi alikuwa amelewa. Mahali pamoja, kwa wino mwekundu: shahidi anasema uongo, lakini anasema vizuri.

Msomaji asiyekaa kwetu anaweza kuona huo ni mchezo wa mzee asiye na kazi. Kwetu mwanga angani si mchezo. Unaweza kuwa droni ya vita inayokutafuta. Nilimwona mama mmoja aliyelala siku tatu chini ya kitanda na watoto wake kwa sababu ya taa iliyosimama juu ya ziwa na haikuondoka. Muzee alimuuliza maswali yake yote, akahesabu kitu kwa vidole, akamwambia: "Mama, ile ni nyota. Kesho asubuhi itakuwa pale pale, ila chini kidogo, kama upana wa kidole. Angalia. Kama haiko pale, rudi uniite muongo mbele ya watu." Yule mama hakurudi kumwita mwongo. Alirudi na ndizi.

Nimeona watu wengi wakiingia pale wamekaza mabega na kutoka wakiwa wameyalegeza. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kweli, ingawa ungemwambia hivyo angekataa. "Mimi si daktari ya woga," alisema. "Mimi ninaandika."

Hakupenda kuaminiwa. Ukimwambia, "Muzee, weye unajua," alikasirika kama umemtukana. Pasta mmoja alikuja kumwomba aje kanisani ashuhudie kwamba viumbe wa angani ni mapepo.

"Umekula?" Muzee akamuuliza.

"Hapana, Muzee. Niko na siku tano za kufunga."

"Basi rudi ukisha kula."

Na bado mtu huyu aliyefanya kazi uwanja wa ndege nusu ya maisha yake hakuwahi kupanda ndege. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia amesoma hesabu za upepo wa juu kwa muda mrefu mno kuweza kukaa ndani yake akinywa soda. Mke wake, mama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe, alikuwa na maelezo mengine. "Ule bwana yangu anajua mawingu yote kwa majina," aliwaambia watu wa benchi, "ila chumvi ikiisha mu nyumba hajue. Mutu kama ule utamupandisha ndege aende wapi?"

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mambo ya Amerika. Si muziki wala sinema. Alifuata uchunguzi wa serikali yao kuhusu vyombo visivyojulikana angani. Redio ikitaja, alinyanyua mkono, na benchi lote lilinyamaza mpaka aseme. Kutoka kwake ndipo niliposikia kwamba wanajeshi wa zamani waliapa mbele ya wabunge wa kule, wakasema serikali yao inaficha vyombo ambavyo havikutengenezwa na binadamu, na kwamba kuna mafundi wanaovifungua kwa siri ili waibe akili iliyomo. Na kutoka kwake ndipo niliposikia kwamba ofisi iliyopewa kazi ya kuchunguza ikajibu kwamba haijaona ushahidi wowote. Alitafsiri yote mawili kwa sauti ile ile, bila kuegemea upande.

Dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, ambaye aliegesha pale kila asubuhi kungoja abiria, alimchokoza siku moja. "Sasa Muzee, kama Ba-Amerika balificha chombo ya angani, miye inanisaidia nini? Iko na siti ya nyuma?"

"Cheka tu," Muzee akasema. "Kama leta kubwa vile inaweza kuficha kitu kubwa vile, unazani hii leta yetu inaficha nini?"

Leta kwetu ni serikali, na watu wa benchi wakatazama barabarani kama kuna anayesikia. Ndipo mke wake akasema kutoka jikoni: "Inaficha barabara ya Walikale. Tangu nizaliwe sijaiona."

Tulicheka mpaka abiria wa yule dereva akaondoka kwa miguu.

Neno moja lilimtoa kwenye utulivu wake. Redio iliposema kwamba serikali fulani imejibu "uchunguzi unaendelea", alilipiga sanduku la redio kwa kiganja. "Anketi inaendelea! Anketi ya namna gani? Kama mutoto wa masomo anaomba kwenda choo na harudi!" Kwake, kutojua hakukuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kujua na kukaa juu yake kama kuku.

Ilinichukua miaka kujua jambo hilo lilimuuma kwa nini. Aliniambia siku moja ya mvua, tukiwa wawili chini ya bati. Akiwa bado kijana kazini, asubuhi moja alipokuwa akisoma vipimo, aliona kitu juu ya ziwa. Kilikuwa na umbo la punje ya haragi, rangi ya sufuria, na kilisimama. Upepo ulikuwa mkali kutoka kusini, mawingu yalikimbia, na kile kitu hakikusogea. Alikitazama dakika kumi na moja kwa saa ya kituo. Kisha hakikuwepo. Alikiandika kwenye kitabu cha kazi kwa mwandiko mzuri, na mkubwa wake alipokuja saa sita akaichana ile karatasi mbele yake.

"Aliniambia nini? 'Leta haina kolone ya kitu kama hii.' Njo vile. Hakusema ninasema uongo. Alisema hakuna kolone." Kolone kwa Kifaransa chetu ni ile safu ya kwenye karatasi. "Njo nikaenda nunua kaye yangu na nikapiga kolone."

Safu hiyo ilikuwa nyuma ya kaye, peke yake. Juu yake aliandika: visivyojulikana. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja tu, wa asubuhi ile. Kila alicholetewa kilipata jibu na kuingia safu ya mbele. Nilidhani anajivunia hilo. Sikujua kwamba mtu anaweza kupata majibu mengi hivyo na akawa anangojea moja likosekane.

Sasa niseme habari ya dada yangu.

Dada yangu aliolewa kwenye milima ya Masisi, na mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja na shamba la maharagi lenye udongo mweusi ambao ungepanda fimbo ikaota. Miaka minne iliyopita, asubuhi moja alikwenda kupalilia, akakuta kitu katikati ya shamba. Kisanduku cheupe, chepesi kama mkate mkavu, chenye waya mfupi chini. Kilifungwa kwa uzi mrefu sana, na mwisho wa uzi kulikuwa na vipande vya mpira vilivyochanika, vimejiviringisha kwenye mimea kama utumbo. Wengine walisema ni droni. Wengine walisema ni sumu. Mwalimu mmoja aliyekuwa na simu nzuri alisema ni cha wale viumbe wa angani wanaosemwa Amerika. Wiki ya tatu mbuzi wawili wa nyumba ile walikufa. Wiki ya nne mtoto wa dada akapata homa na vipele.

Baba mkwe wake si mtu mbaya. Ni mfugaji, mtu wa sala, na hakutamani shamba la mtu. Lakini aliogopa, na ukoo wote uliogopa nyuma yake. Akatoa neno: jembe lisiguse udongo ule, na mama wa mtoto akae mbali na shamba, mpaka mtu mwenye elimu ya mambo ya angani aseme kile kitu ni nini. Dada alinipigia simu akilia. Nilimwambia atulie. Mtu mwenye elimu hiyo namjua, ninakunywa chai kwake.

Nilipanda lori, nikakitia kile kisanduku kwenye gunia, nikakileta Goma mwenyewe. Nilikiweka juu ya meza ya Muzee na kufungua gunia. Alikitazama kwa muda mrefu. Alikigeuza mara moja tu. Kisha akasema, "Acha nayo. Nitafanya raporo." Alimaanisha ripoti.

Hakuniuliza kama nimekula. Hakuniuliza swali hata moja. Ningelishangaa hapo hapo, lakini nilikuwa nimefurahi mno kufika.

Dada akashuka mjini na mtoto, akapanga chumba cha mbao upande wa Kanyaruchinya, akaanza kuuza maharagi kwa kikombe, maharagi ya mashamba ya watu. Mtoto alipona; daktari alisema ilikuwa surua, kama watoto wengi wa mwaka ule. Lakini kwa simu, neno la baba mkwe lilibaki lile lile: raporo iko wapi? Kila msimu wa kupanda ulipokaribia, dada alivaa kitenge chake kizuri na kwenda kwa Muzee kuuliza. Na Muzee alimjibu, bila kumtazama: "Anketi inaendelea, mama."

Mara moja nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilimtazama yeye, naye akatazama redio.

Kwa nini sikumbana? Nimejiuliza sana. Nilimwamini, hiyo ni sababu moja. Ya pili inaniaibisha. Mimi pia nilitaka kile kisanduku kiwe kitu. Kule Vitshumbi nilikuwa nimewasimulia wavuvi habari zake, na kila niliposimulia kiliongezeka uzito. Nilikuwa mtu asiye na cheti wala shamba, na kumbe niliwahi kubeba kwenye gunia chombo kutoka nje ya dunia. Dada yangu alikuwa analipa kwa ajili ya hadithi yangu, na mimi nilikuwa naipamba.

Mwaka huu, msimu wa mvua ulipokaribia, mke wa Muzee alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza. "Muzee anakuita. Na kuja na dada yako." Tulifika saa mbili asubuhi. Alikuwa amekonda, anakohoa, amevaa koti la kazi la zamani. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa muda mrefu na anga lilikuwa tupu. Benchi nalo lilikuwa tupu. Kisanduku kilikuwa mezani, kimekatwa katikati kwa kisu. Ndani kulikuwa na kibao cha umeme, betri mbili, na kitu chembamba kama ulimi wa mjusi.

"Mama," akamwambia dada, "umekula?"

"Nimekula, Muzee."

Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Hii ni kitu ya meteo. Watu wa meteo wanajaza puto kubwa gazi, wanafunga hii chini yake, wanaachilia. Inapanda, inapima joto, inapima maji ya hewa, inatuma habari kwa redio. Puto ikifika juu sana inapasuka, na hii inaanguka pale inaanguka. Upepo iliileta kutoka inchi ingine. Haina sumu. Haina macho. Miye mwenyewe nilirusha za namna hii, wakati nilikuwa kijana."

Dada alikigusa kile kibao cha umeme kwa kidole. Muzee akafungua kaye, nyuma kabisa, akatoa kipande cha karatasi ya gundi kilichobanduliwa. "Na hii ilikuwa imebandikwa juu yake. Inasema: chombo cha kupima hali ya hewa, hakina hatari, ukikiokota hakuna lazima kukirudisha."

"Ulijua lini?" dada akauliza.

"Siku ya kwanza. Kabla haijatoka yote mu gunia."

Mke wa Muzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, akafunika mdomo kwa upande wa kitenge. Kumbe naye hakujua.

"Miaka mine, Muzee," dada akasema. Hakupaza sauti, ningependelea apaze. "Miaka mine ninauza maharagi ya watu. Yangu inaota majani. Mutoto wangu anauliza kama njo yeye aliua mbuzi."

Muzee alitazama mikono yake. "Mu ile kolone nilikuwa na kitu moja tu. Nilitaka ikuwe mbili. Nilikuwa nasema: nitaiacha wiki moja, ili nisikie vile inafanya. Kisha mwezi. Kisha ikakuwa aibu kusema." Akakohoa. "Juzi redio ilisema tena ya Amerika, ya kuficha. Nikanyanyua mukono nipige redio. Mukono ikabaki juu. Nitaandika raporo, mama. Leo. Nitatia sinyatire, jina yangu chini."

"Hapana," dada akasema. "Karatasi itafika kule na mutu ataisoma vile anataka. Piga telefone. Sema weye mwenyewe."

Nikapiga mimi, nikaweka sauti ya nje, simu juu ya meza kando ya kile kisanduku. Baba mkwe akaitika. Muzee alijitambulisha: mtu wa meteo. "Wa leta?" sauti ikauliza. "Wa zamani," Muzee akajibu. Akaeleza yote, puto, gazi, kupasuka, polepole, kama anayemsomea mkubwa wake vipimo vya asubuhi.

"Na mbuzi?" baba mkwe akauliza.

"Mwaka ule mbuzi zilikufa kwenu tu?"

Tukamsikia anahesabu kwa sauti ndogo. "Hapana. Zilikufa mulima muzima."

"Basi ni ugonjwa ya mbuzi."

"Na mutoto?"

"Ilikuwa surua, papa," dada akaingilia. "Alipona kitambo. Anakimbia kunishinda."

Tukasikia baba mkwe anapumua. Kisha akauliza swali ambalo sote tulijua linakuja. "Na kwa nini ulikawia hivi kusema?"

Nilidhani atasema uchunguzi ulikuwa mgumu. Angeweza. Hakuna mtu kule mlimani ambaye angembishia. Muzee wa Meteo aliinama karibu na simu, kana kwamba anataka isikike vizuri.

"Nilificha," akasema. "Nilijua, na nilificha. Muke ya mutoto wako hana kosa. Shamba haina kosa. Kosa ni yangu."

Ng'ombe alilia kule upande wa pili. Nikamwona mke wa Muzee ameketi kwenye kizingiti, analia na kutabasamu kwa pamoja, na Muzee mwenyewe ameegemea kiti, amefumba macho, uso umelainika kama wa mtu ambaye homa imemwachia.

"Muzee mwenzangu," sauti ya baba mkwe ikasema mwishowe. "Kila siku ninapita kando ya ile shamba na ninageuza uso. Nimechoka kugeuza uso. Aksanti umesema." Akavuta pumzi. "Ambia huyo mama aje na mutoto wake. Mvua imeshaanza huku. Mbegu nitamupa."

Muzee alifungua macho amtazame dada, pengine amwombe radhi tena. Lakini dada alikuwa amekwisha simama, anakaza kitenge kiunoni, ananisukuma begani kuelekea mlangoni.

"Weye, uko nangoja nini?" akaniambia. "Lori ya Masisi inatoka saa ine, na mutoto bado iko ku masomo."